Mwenye Nyumba ni Aliyeshika Kibao

Kwa mujibu wa faili la upimaji, nyumba ya shangazi yangu iliyoko Zuzu ni mali ya mwanamke aliyesimama mbele yake kwa dakika nne hivi akiwa ameshika kibao. Mwanamke huyo si shangazi yangu. Ni jirani yake. Shangazi mwenyewe aliingia katika nyumba hiyo siku aliyoolewa, akazaa humo, akafiwa na mume humo, na hadi magoti yalipomgomea alikuwa akipanda juu kila mwaka kukandika udongo mpya kwenye paa la tembe. Wakati picha inapigwa alikuwa chumbani anatafuta kilemba.

Picha hiyo nimeiona mara nyingi kuliko nilivyotaka. Jirani ameacha mdomo wazi, kwa sababu alikuwa anamfokea mbuzi aliyekuwa upande wa pili. Jicho moja limefumba. Kibao chenye namba amekishika mlalo, kama ungo. Kivuli cha mpiga picha kimelala chini, kirefu, hadi kwenye miguu ya mama wa watu. Ningeipiga mimi ningeifuta kabla mtu hajaiona. Lakini haikufutwa. Iliingizwa kwenye mfumo, ikachapishwa, ikabandikwa ukutani, na leo ndiyo picha yenye nguvu kuliko zote nilizowahi kuziona katika mkoa wa Dodoma.

Ni vizuri nieleze mapema kwamba mimi naishi kwa kamera, ili msomaji asidhani nina chuki na picha. Nina chumba kimoja mjini, chenye kitambaa cha bluu ukuta mmoja na cheupe ukuta mwingine. Msimu wa mahafali nahamia Chimwaga, ambako kila mhitimu anarusha kofia juu mara saba, kwa kuwa mara sita za kwanza alifumba macho. Miezi mingine nategemea picha za pasipoti na suti zangu tatu. Suti hizo sijawahi kuzivaa, maana zimo ndani ya kompyuta. Mtu anaingia na fulana ya timu yake ya mpira, anatoka na picha akiwa ndani ya suti nyeusi na tai nyekundu. Anaipeleka ofisini, na ofisi inaipokea kwa heshima. Sijasikia hata mmoja aliyerudishwa kwa sababu shingo yake imeota juu ya mabega ya mtu mwingine. Misibani ndiyo usiseme. Familia inaleta kijipicha kilichokatwa kwenye kitambulisho, nakikuza, namvalisha marehemu, na picha inatangulia jeneza. Nadhani wazee wengi wa huku wamezikwa wakiongozwa na suti yangu namba mbili, ingawa maishani hawakuwahi kufunga tai wala hawakuitaka.

Kwa hiyo sikuwa mgeni wa imani ya watu juu ya picha. Nilikuwa nakula kwa imani hiyo. Sikutegemea tu kwamba siku moja itaigeukia ile nyumba niliyokuwa nalala likizo za shule.

Mambo yalianza kwa gari la matangazo. Lilipita Zuzu likisema kwamba makazi yatapimwa na kila mwenye nyumba atapata hati, ila lazima awepo siku ya upimaji, asimame mbele ya nyumba yake, apigwe picha. Jioni yake shangazi akanipigia simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Serikali inakuja kunipiga picha Alhamisi."

"Vizuri."

"Vizuri wapi? Wale wanapiga picha kama wanarusha mawe. Hukuiona ile ya kitambulisho? Nimefanana na mtu anayetafutwa na polisi. Njoo na mashine yako. Wao wapige ya kwao ya kuweka kabatini, wewe unipige ya kuweka ukutani."

Alhamisi asubuhi nikawa Zuzu. Wapimaji walikuwa wamesema saa nne. Walifika saa tatu kasoro, jambo ambalo ni nadra sana katika utumishi wa umma, na linapotokea huwa kuna mtu anaumia. Walikuwa wawili. Mmoja, bwana mwenye kikoti chenye mifuko mingi, alibeba kishikwambi. Mwenzake alibeba kibao cheusi, chaki, na kopo la rangi nyekundu ya kuandikia namba kwenye milango.

Walimkuta shangazi uani anapepeta uwele. Alikuwa na pumba kichwani, begani, hadi kwenye kope. Akainuka, akawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akaona kamera ya kishikwambi na akabadilika sura.

"Ngojeni nivae."

"Mama, shikamoo. Hakuna haja," alisema mwenye kishikwambi. "Ni picha ya mfumo tu."

"Ya nani?"

"Ya mfumo, mama."

"Na huyo mfumo akiniona na pumba kichwani ataniheshimu?"

"Mama yangu, tuna mtaa mzima wa kumaliza. Kama hauko tayari tunaruka, tutarudi siku nyingine."

Neno "tunaruka" lilimtisha kila aliyekuwepo. Zuzu wanajua maana ya kurukwa. Barabara ya lami iliwahi kuruka, umeme uliwahi kuruka, na vyote viliahidi kurudi siku nyingine. Lakini kwa shangazi lilikuwepo jambo zito zaidi ya hilo. Watu wa umri wake walipigwa picha mara moja walipofunga ndoa, na mara ya pili walipozeeka. Kwao picha si kitu unachokiendea na nguo ya kazini. Unaoga, unajipaka mafuta, unatoa kitenge cha kanisani sandukuni. Kusimama mbele ya kamera na pumba kichwani ni kumdharau kila atakayekutazama baadaye, na wao hawakulelewa hivyo.

Ndipo jirani yake, aliyekuwa amevuka njia kuja kushuhudia, akasema maneno ambayo hakuna mwanamke wa Zuzu angeyaona ya hatari.

"Wewe nenda kavae, dada. Mimi nakushikia."

Kushikiana huku ni utaratibu wa zamani kuliko bomba la maji lenyewe. Kwenye foleni ya maji, zahanati, mashineni kusaga, mmoja anamshikia mwenzake nafasi. Ndoo yake inakaa, au jiwe, au kanga iliyofungwa fundo, na aliyeshikiwa anahesabiwa kwamba yupo. Hakuna anayebishana. Hao wawili walikuwa wameshikiana nafasi tangu mimi sijaanza shule. Shangazi akaenda kuvaa bila kuangalia nyuma.

Kibao hakisimami chenyewe, kwa hiyo yule mwenye chaki akamkabidhi jirani. Mwenye kishikwambi akauliza, "Hapa ndipo?" Jirani akajibu, "Ndipo." Swali halikuwa na kosa, na jibu halikuwa na kosa. Bwana akabonyeza, mwenzake akapaka namba nyekundu mlangoni, wakaondoka kwenda nyumba inayofuata.

Mimi, ambaye ndiye pekee pale niliyekuwa na ujuzi wa picha, nilikuwa nyuma ya zizi napima mwanga. Nilikuwa nimeamua kwamba asubuhi ile mwanga unafaa zaidi ukitoka mashariki. Nilikuwa sahihi kabisa.

Shangazi alitoka baada ya muda, kitenge cha kijani, kilemba kimekaa vizuri, amejipaka mafuta hadi viganjani.

"Wameshapiga?"

"Wameshapiga," alijibu jirani, akimnyoosha kilemba kwa nyuma. "Nimekushikia."

"Ahsante sana, dada."

Kisha nikampiga ya kwangu. Sijisifu, ila ile ndiyo picha bora niliyopiga maishani. Mlango uko wazi nyuma yake na namba nyekundu inasomeka. Mwanga umepita juu ya zizi ukaangukia upande mmoja wa uso. Yeye haitazami kamera. Anaitazama nyumba kwa pembeni, kwa jicho la mtu anayekagua kama aliyoambiwa yafanyike yamefanyika. Nikanywa uji wa uwele, nikarudi mjini nikijiona msanii.

Miezi ikapita. Orodha ya wamiliki ikatoka, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, kila nyumba na picha yake, na jina chini. Majina yalikuwa yamejazwa baadaye, kwa njia ambayo ukiisikia unaona jinsi ilivyo ya busara. Walimwita mjumbe wa mtaa, wakamwonyesha picha moja moja, wakamuuliza, "Huyu ni nani?" Mjumbe ni mtu mwaminifu. Alionyeshwa uso wa jirani, akataja jina la jirani. Angesema nini?

Nilikuwepo shangazi alipoiona. Kwanza alicheka hadi akashika ubao.

"Njoo ujione!" alimwita jirani. "Umeachama kama unaimba sauti ya kwanza!"

Jirani akacheka pia. "Na jicho je? Si bora wewe ulienda kuvaa."

Baadaye mtu mmoja nyuma yao akasoma kwa sauti maandishi ya juu ya ubao. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho. Baada ya hapo, orodha itahesabiwa ni sahihi na hati zitaandikwa kwa majina yaliyomo. Shangazi akaacha kucheka. Akasogea tena, akaanza kutafuta uso wake kwenye ubao mzima, mstari kwa mstari. Hakuupata. Jirani naye alikuwa anatafuta kitu, ila wakati ule sikukitilia maanani.

Kesho yake nikampeleka shangazi ofisini mjini. Tulipokelewa na karani mmoja, dada mpole sana. Nimejifunza kumwogopa karani mpole kuliko mkali, maana mkali hukasirika akachoka.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae. Tatizo nini?"

"Nyumba yangu mmeiandika ya mtu mwingine."

Karani akabonyeza, akageuza kioo cha kompyuta kuelekea kwetu. "Huyu ndiye mmiliki."

"Mmiliki ni mimi."

"Ndiyo, mama. Lakini kwenye picha sio wewe."

"Nilienda kuvaa."

Karani alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mkalimani. Nikaeleza mambo ya foleni na kushikiana. Akasikiliza kwa makini hadi mwisho, akasema mfumo hauna sehemu ya kuandika hayo. Ndipo nikatoa silaha yangu. Nilikuwa nimeichapisha kubwa, kwenye karatasi nzuri, shangazi mbele ya mlango, namba nyekundu inaonekana, siku ile ile, nyumba ile ile.

Karani aliishika kwa ncha za vidole. "Jamani! Mama umependeza!"

"Ahsante."

"Nani kapiga?"

"Mimi," nikasema.

"Una kipaji, kaka." Akairudisha mezani taratibu. "Ila hii hatuwezi kuipokea."

"Kwa nini?"

"Imepigwa vizuri mno. Angalia mwanga ulivyokaa. Angalia mama hatazami hata kamera. Hii si picha ya ofisi, hii ni sanaa. Picha ya ofisi mtu anasimama tu."

Nilimuuliza kama ningeipiga vibaya ingepokelewa. Hakuona kejeli, akanijibu kwa moyo mmoja kwamba ingesaidia kidogo. Kisha, kwa huruma, akatupa njia. Kama tungepata karatasi yenye muhuri, kutoka taasisi yoyote inayotambulika, inayoeleza picha ni ya nani, imepigwa wapi na lini, wangeweza kuiangalia.

Muhuri. Nilitembea nikiwaza muhuri hadi nikakumbuka kwamba kuna maonyesho ya sanaa yalikuwa yanaandaliwa katika ukumbi mmoja mjini, na kila kazi inayokubaliwa hupewa cheti chenye jina la kazi, mahali, tarehe, na muhuri wa duara wa kupendeza. Ofisi ilikuwa imesema ni sanaa. Basi nikaipeleka kwa wasanii wenyewe.

Mwenyekiti wa waamuzi alikuwa mchoraji wa makamo, mwenye kofia ya sufu katika joto la Oktoba na rangi kwenye kucha ambayo nadhani huipaka kila asubuhi kabla ya chai. Alisimama mbele ya picha yangu kwa muda mrefu, kichwa upande. Nikaanza kupata matumaini.

"Kachora nani?"

"Nimepiga, mwalimu. Ni picha ya kamera."

"Aa."

Katika lugha yetu hakuna neno fupi linaloweza kumfukuza mtu upesi hivyo.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Wewe hapa umefanya nini?"

"Nimechagua pa kusimama. Nimesubiri mwanga. Nimesubiri na yeye asahau kwamba nipo."

"Mwanga ni wa Mungu. Nyumba ni ya mama. Mashine ni ya Wajapani. Wewe hapo uko wapi?"

Macho yangu yakaangukia kazi yake mwenyewe, iliyokuwa bado kwenye kiunzi, rangi haijakauka. Twiga wawili, jua jekundu. Kwenye pembe ya turubai kulikuwa na simu imebandikwa kwa utepe wa gundi, na ndani ya simu twiga wale wale na jua lile lile, picha iliyopigwa na mtu fulani asiyejulikana.

"Na hiyo, mwalimu?"

"Hiyo ni rejea."

"Rejea si picha?"

"Rejea ni rejea. Msanii anaichukua, anaiongezea roho."

Nilitazama tena. Twiga wa kushoto alikuwa ameongezewa roho na, kama nilihesabu vizuri, mguu.

"Ndugu yangu, usikasirike," aliendelea kwa upole. "Kazi yako ni nzuri, lakini ni ushahidi. Inaonyesha mama fulani na nyumba yake, basi. Ipeleke ofisini, watu wa ofisi ndio wanaohitaji vitu hivi."

"Nimetoka huko. Wamesema ni sanaa."

Alicheka kwa furaha ya kweli. "Hao nao! Watajulia wapi sanaa?"

Walinifanyia hisani. Picha haikukubaliwa kushindana, haikupata cheti, lakini ilitundikwa kwenye korido ya kwenda msalani, ambako mwanga, kusema kweli, ulikuwa mzuri. Mtu wa maonyesho aliibandikia maelezo bila kuniuliza: "Furaha ya Kijijini." Nilimpeleka shangazi kuiona. Watu wawili watatu waliokuwa kwenye foleni ya msalani walimtambua, wakampigia makofi. Akasoma yale maelezo kwa kidole, polepole.

"Furaha ipi?" aliuliza.

Nimetumia miaka mingi kusikiliza ubishi kama picha ya kamera ni ndugu wa uchoraji na uchongaji, au mtumishi aliyeachiwa kukaa sebuleni. Nilikuwa nauona ubishi wa watu wenye nafasi. Sasa namwona mama wa miaka zaidi ya sabini akirushwa huku na huku kati ya watu wawili, kila mmoja akimwambia kwamba mwenzake ndiye mwenye kazi hiyo, na nauona ubishi una madhara kuliko nilivyodhani. Picha yangu ilikuwa nzuri mno kuaminiwa na ya kweli mno kusifiwa. Ya bwana wa kishikwambi haikuwa na tatizo lolote kati ya hayo.

Tukarudi kwa karani mpole. Safari hii jirani mwenyewe naye akaja, kwa sababu niliona ndiyo njia fupi: aseme kwamba nyumba si yake, yaishe. Nilikuwa nimempanga vizuri.

"Mama, nyumba hii ni yako?" karani alimuuliza.

"Si yangu. Ni ya dada yangu huyu."

Shangazi akashusha pumzi. Mimi nikaanza kufunga mkoba.

"Sawa. Basi nakuondoa hapa," karani alisema, akaanza kubonyeza.

"Subiri kwanza," alisema jirani. "Ukiniondoa hapo unaniweka wapi?"

"Kwenye nyumba yako, mama."

"Nionyeshe."

Karani akatafuta. Akaipata. Akageuza kioo. Ilikuwa picha ya mlango uliofungwa, kuku mmoja kizingitini, kibao kimeegemezwa ukutani peke yake. Chini yake palikuwa pameandikwa: Mmiliki hayupo. Nakiri aibu yangu hapa. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kati ya picha zote za wale mabwana, ile ndiyo iliyokuwa na mpangilio mzuri.

Ndipo nikaelewa alichokuwa anakitafuta ubaoni. Wapimaji walipotoka kwa shangazi walikwenda nyumba inayofuata, na nyumba inayofuata ilikuwa yake. Yeye wakati huo alikuwa bado uani kwa shangazi, ananyoosha kilemba. Alikuwa amelijua hilo tangu siku ya ubao, na hakuwa amesema.

"Mfumo unakubali uso mmoja kwa nyumba moja," karani alieleza, bado mpole. "Nikikutoa hapa, unabaki huna nyumba. Kukuweka kule lazima upigwe picha upya. Na kupigwa upya lazima kwanza usiwe kwenye nyumba nyingine, na haijulikani wapimaji watarudi lini Zuzu."

"Kwa hiyo nikisema ukweli leo, kesho sina pa kulala."

"Pa kulala unapo, mama. Huna hati tu."

Walipotoka nje ndipo walipogombana, mara ya kwanza tangu niwajue, mbele ya geti la ofisi, watu wakipita.

"Ulijua, ukanyamaza," alisema shangazi.

"Ningesema ungefanya nini? Ungenishikia?"

"Kwa hiyo unabaki na nyumba yangu?"

"Nimekushikia maji miaka yote hii. Ulishawahi kukuta nimechota ndoo yako?"

"Maji si nyumba!"

"Basi usingeenda kuvaa!"

Shangazi alivuta kitenge begani, akaelekea kwenye gari. Alikaa kiti cha mbele tuliporudi, jirani akakaa nyuma, na mimi nikaendesha gari la kuazima kwa adabu ya dereva wa msiba.

Siku tatu baadaye karani alinipigia simu. Alikuwa ameuliza kwa wakubwa, na njia ilikuwepo. Barua mbili za pingamizi, moja ya kila mama, ziletwe pamoja kwa wakati mmoja, zote zikiwa na sahihi ya aliyepiga picha, akikiri kwamba picha zile ni kazi ya mkono wake na kwamba alikosea mtu. Kwa maneno mengine, bwana wa kishikwambi atie sahihi kwenye picha zake, kama mchoraji anavyotia kwenye pembe ya turubai. Sikumwambia yule mwenye kofia ya sufu. Nisingependa ajisikie vibaya.

Tatizo ni kwamba timu ya wapimaji ilikuwa imehamia Chamwino, na huko inazunguka kijiji hadi kijiji. Namba ya yule bwana haipatikani. Shangazi magoti hayamruhusu kuzunguka. Mimi nilikuwa na mahafali Chimwaga, wahitimu wameshalipia, majoho yameshapigwa pasi. Nimesema sababu hiyo kwa sauti mara kadhaa wiki hii na kila mara inazidi kuwa nyepesi.

Aliyekwenda ni jirani. Alikuja kwa shangazi Jumanne asubuhi, amevaa nguo za kanisani, na hawakusalimiana kwa muda mrefu kama walivyozoea. Akasema tu, "Nipe yako." Shangazi alisimama na barua mkononi. Nilimwona akiitazama, kisha akimtazama mwenzake, kisha akiitazama tena. Mwisho akampa. Jirani akaziweka zote mbili katika bahasha moja, bahasha akaiingiza kwenye mkoba, akatembea hadi barabarani.

Leo ni Alhamisi. Mtu mmoja aliyetoka Chamwino anasema alimwona jana akipanda pikipiki kuelekea vijiji vya ndani. Mwingine anasema wapimaji wamekwisha kuondoka huko tangu Jumatatu. Mwisho wa kupokea pingamizi ni kesho saa tisa na nusu alasiri. Simu ya jirani inaita hadi inakatika.